Mfenesi kuanzia mbegu hadi mbao: namna ya kuupanda, kuupika na kuutumia wote

Wengi wetu tunalijua fenesi kwa hali moja tu: limeiva, linanukia mtaa mzima, linapasuliwa, nyama yake ya njano inaliwa na mbegu zinatupwa jaani. Huko lilikotoka, kwenye safu ya milima ya Ghats ya Magharibi kusini-magharibi mwa India, na katika nchi za jirani zilizolipokea tangu zamani, hiyo ni hali ya mwisho. Kabla haijafika, mti umeshatoa mboga, na umeshatoa chakula cha kushibisha kinachokaa mahali pa wali. Baada yake bado kuna mbegu, majani, utomvu na mbao. Sisi tunao mti huu Unguja, Pemba, Muheza, Morogoro, pwani ya Kenya na Uganda, lakini tunautumia robo tu. Nataka tuutumie wote.

Wasinhala wa Sri Lanka huuita mti wa wali, na wana haki ya kuuita hivyo. Katika karne iliyopita Arthur V. Dias, mwenye mashamba na mpigania uhuru, aliendesha kampeni ya kupanda mifenesi kila pembe ya kisiwa, mpaka watu wakampa jina la Kos Mama, yaani Mjomba Fenesi. Uchumi wa nchi hiyo ulipoporomoka mwaka 2022 na mchele ukawa ghali, familia nyingi zilirudi kwenye mifenesi ya uani na kushiba. Mpaka leo kuukata mfenesi huko kunahitaji kibali. Bangladesh imelifanya fenesi kuwa tunda la taifa, na jimbo la Kerala nchini India lililitangaza kuwa tunda rasmi la jimbo mwezi Machi 2018.

Nitaufuata mti kwa mpangilio wa umri wake. Mwenye mti mkubwa tayari aruke hadi hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Mbegu au mche

Mafenesi yako ya namna mbili. Kuna yale ambayo yakiiva nyama yake ni laini, inateleza na kuponyoka mkononi; Kerala huyaita koozha na Sri Lanka wela. Na kuna yale yenye nyama ngumu kiasi, inayokatika kwa meno. Hayo Kerala ni varikka na Sri Lanka waraka. Kwa kula bivu wengi hupenda gumu. Kwa kupikia jamu na kukausha, laini halina mpinzani. Ikiwa una nafasi ya mti mmoja tu, panda gumu, maana ndilo linalofaa kwa kazi zote kwa kiasi.

Kumbuka lakini kwamba mbegu haimzai mama yake sawasawa. Maua ya mfenesi huchavushwa na miti mingine, kwa hiyo mbegu ya fenesi tamu inaweza kuzaa mti wa fenesi la kawaida. Anayetaka uhakika anunue mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na chipukizi la mti mzuri, kutoka kwenye kitalu anachokiamini. Mche wa kubebesha huzaa baada ya miaka 3 hadi 4, wa mbegu mara nyingi miaka 5 hadi 8.

Ukiamua mbegu, chagua fenesi lililokuridhisha kwa utamu, chukua mbegu kubwa zilizojaa, zioshe ule utelezi wote, kisha ziloweke kwenye maji kwa siku nzima. Usizianike juani na usiziweke kabatini kusubiri mvua. Mbegu ya fenesi ikikauka imekufa. Hata ikitunzwa vizuri, baada ya mwezi mmoja hivi haina nguvu tena. Ilaze ubavu kwenye udongo, kina cha sentimita 2 au 3, kwenye mfuko mrefu. Mfenesi una mzizi mkuu unaoshuka upesi na haupendi kuguswa, ndiyo maana mfuko mfupi huuharibu mche kabla haujafika shambani. Wiki 3 hivi baadaye, wakati mwingine zaidi, chipukizi litatokeza.

Hatua ya 2: Kuupanda na kuukuza

Mfenesi ni ndugu wa mshelisheli, mtini na mforosadi, wote wa ukoo mmoja, na unapenda joto na unyevu. Unastawi vizuri pwani, lakini Uganda unazaa sana kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo wa bara asikate tamaa. Kitu kimoja usichoweza kuuomba ni kusimama ndani ya maji. Mizizi ikifunikwa na maji siku chache tu mti unaweza kufa. Kama uwanja wako hutuama maji masika, tengeneza kichuguu cha udongo chenye kimo cha nusu mita na uupande juu yake.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, pandisha mche ukiwa bado mdogo, na usibomoe udongo ulioshika mizizi. Mti na mti ziachane mita 8 hadi 12. Na nyumba, na shimo la choo, viwe mbali. Upatie kivuli cha makuti mwaka wa kwanza, umwagilie kiangazi mbili za mwanzo, na uweke matandazo bila kugusa shina.

Mti ukishapita kimo chako mara mbili, anza kupogolea kileleni. Matunda ya mfenesi hutoka kwenye shina na matawi manene, si kwenye ncha za matawi, kwa hiyo kimo kirefu hakikuongezei chochote isipokuwa taabu ya kupanda. Mti mfupi, uliofunguka katikati, unaovunwa ukiwa umesimama chini, ndio mti wa kuishi nao.

Hatua ya 3: Maua, na kupunguza matunda

Mfenesi hubeba maua dume na jike kwenye mti mmoja. Vidume ni vijiti vidogo vyembamba, na vikishamaliza kazi yake huota ukungu mweusi na kudondoka. Kila mwaka utasikia mtu akilalamika kuwa mfenesi wake umerogwa, matunda yote yanaoza yakiwa madogo. Mara nyingi anayoyaokota chini ni vidume, na mti hauna shida yoyote. Jike lina kikonyo kinene chenye pete, na ngozi yake ina chunuchunu, yaani vijimiba, zilizosimama.

Majike yakifikia ukubwa wa ngumi, yahesabu. Palipo na matatu au manne kwenye kikonyo kimoja, bakisha moja, au mawili kama mti ni mzee wenye nguvu. Mti mchanga unaozaa mara ya kwanza ubakishiwe machache mno, la sivyo utachoka na mwaka unaofuata usizae. Usiyakate yote siku moja, wala usiyatupe. Yaache yale ya kupunguza yanenepe kidogo hadi yafikie kilo 1 au 2, kisha uyakate kwa zamu, moja kila unapotaka mboga. Hapa ndipo mfenesi unapoanza kukulisha, miezi kadhaa kabla jirani hajanusa harufu.

Yaliyobaki yavishe gunia kuukuu au mfuko wa makuti uliosukwa, mdomo wazi upande wa chini. Nzi wa matunda hawapati pa kutagia, na kima na popo wanahangaika.

Hatua ya 4: Kuutawala utomvu

Kabla hujapika chochote lazima tuzungumze na utomvu, maana ndio uliowafanya watu wengi waliogope fenesi changa. Ukikata kikonyo unatoka papo hapo, mweupe, unadondoka kwa kasi, na ukishakauka kwenye kisu au nywele za mkono hautoki kwa maji wala kwa sabuni. Maji huugandisha. Mafuta huuyeyusha. Ukishika neno hilo moja, kazi yote inakuwa rahisi.

Ukilikata fenesi mtini, liache likiwa limeinamisha kikonyo chini kwa saa moja au zaidi ili lijichuje. Tandika magazeti mezani. Jipake mafuta ya nazi au ya kupikia mikono yote miwili, hadi kwenye kifundo, na katikati ya vidole. Vua pete. Paka kisu pande zote na ubao pia. Pasua tunda kwa urefu, na mara tu utomvu unapochomoza kuzunguka ule moyo mweupe wa katikati, ufute kwa karatasi kavu iliyokunjwa. Sogeza karatasi kutoka juu kwenda chini, tupa, chukua nyingine. Usiguse kwa kitambaa unachokipenda. Ukimaliza, sugua mikono na kisu tena kwa mafuta mpaka ulimbo uachie, futa kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni na maji ya moto.

Hatua ya 5: Fenesi changa kama mboga

Fenesi changa linalofaa ni lile ambalo kisu kinapita katikati bila kugota. Mbegu ziko ndani lakini bado nyeupe na laini, hazijafanya ganda, na kila kitu kinalika isipokuwa ngozi ya nje na sehemu ngumu ya moyo. Likishakomaa kiasi cha mbegu kuzuia kisu, limeshatoka kwenye umri huu. Lisubiri hatua inayofuata.

Likate mapande ya duara, menya ngozi ya kijani kwa kina hadi uone weupe mtupu, toa moyo, kisha kata vipande vya ukubwa wa vidole viwili na uvitumbukize mara moja kwenye maji yenye chumvi na manjano kidogo. Hewa hulifanya fenesi changa liwe jeusi upesi, na maji hayo hulizuia.

Sri Lanka hupika polos, yaani fenesi changa kwenye chungu, moto mdogo, kwa saa nyingi. Namna inayofuata naipenda kuliko zote, na viungo vyake vyote viko sokoni kwetu. Kwa kilo 1 ya vipande vilivyomenywa, kaanga bila mafuta vijiko 2 vya chakula vya giligilani na kijiko 1 cha binzari nyembamba hadi viwe rangi ya kahawa na vinukie, kisha visage. Hapo ndipo penye siri ya rangi na ladha, usiharakishe. Viungo vilivyokaangwa hivi hutoa mchuzi mweusi wenye kina ambao bizari ya paketi haiwezi kuutoa. Kwenye chungu weka mafuta ya nazi, kitunguu maji kilichokatwa, punje 5 za vitunguu thomu, kipande cha tangawizi, kijiti cha mdalasini, karafuu 3, hiliki 3 na pilipili mbuzi kadiri ya uwezo wako. Vikishalainika, tia viungo ulivyosaga na kijiko cha chai cha manjano, geuza, kisha mimina vipande vya fenesi vilivyochujwa. Weka vikombe 3 vya tui jepesi, chumvi, na ukwaju uliokamuliwa, kama nusu kikombe. Wao hutumia goraka, tunda kavu lenye uchachu. Ukwaju wetu unaikaimu vizuri.

Funika, punguza makaa, na uache. Saa 2 ndiyo kiasi cha chini. Geuza kwa kutikisa chungu, siyo kwa kuvurugavuruga kwa mwiko, vipande visije vikavunjika. Mchuzi ukipungua na fenesi likawa na rangi ya udongo mwekundu hadi ndani, tia kikombe 1 cha tui zito, liache lichemke kidogo tu, epua. Kesho yake ni tamu zaidi. Kula kwa wali, kwa chapati, au hata kwa ugali.

Wajava wa mji wa Yogyakarta, Indonesia, wana chao, gudeg: fenesi changa linalochemshwa kwa tui na sukari ya mnazi au mtende wa Kiasia kwa saa nyingi, pamoja na majani ya mitiki yanayolipa wekundu wa kahawia. Watu wa Muheza, walio jirani na shamba la mitiki la Longuza, wana majani hayo karibu. Na Bengal, yaani Bangladesh na mashariki mwa India, fenesi changa huitwa mbuzi wa mti, kwa sababu likipikwa kwa viungo vya nyama nyuzi zake hutafunika kama nyama.

Hapo pana jambo la kusema wazi. Siku hizi Ulaya na Marekani fenesi changa la kopo linauzwa mahali pa nyama, na habari hizo zimeanza kutufikia. Mtafuno ni wa nyama kweli, lakini lishe siyo. Gramu 100 za fenesi zina protini isiyofika gramu 2. Ukilipika siku isiyo na samaki wala nyama, weka na maharage, choroko au kunde pembeni.

Hatua ya 6: Fenesi lililokomaa, mahali pa wali

Huu ndio umri tunaouruka zaidi, na ndio uliompa mti jina la mti wa wali. Fenesi limejaa, mbegu zimekomaa, ila nyama bado nyeupe au njano hafifu, kavu, haina utamu wala harufu. Kwenye mti utalijua hivi: chunuchunu zimeanza kutanuka na kulala, kijani kimefifia, na ukiligonga kwa kifundo cha kidole linatoa mlio mzito wenye uwazi ndani, tofauti na mlio mkavu wa fenesi changa.

Lipasue kama nilivyoeleza, toa nyama, ondoa zile nyuzi nyembamba zilizopo katikati, tenga mbegu. Kata nyama vipande, weka sufuriani na mbegu zilizomenywa na kukatwa nusu, maji ya kufunika nusu, manjano na chumvi, chemsha kwa dakika 20 hadi 30 mpaka ilainike. Sri Lanka huliwa hivyo hivyo, na nazi iliyokunwa juu na pilipili iliyotwangwa na kitunguu, chumvi na ndimu. Kerala hupondaponda: nazi iliyokunwa, vitunguu thomu, binzari nyembamba na pilipili mbichi vinatwangwa pamoja, vinatiwa kwenye fenesi lililokwisha kuiva jikoni, vinasongwa kwa mwiko hadi kila kitu kishikane, kisha mchuzi wa samaki mkali unakaa pembeni. Mtu aliyezoea muhogo wa nazi au shelisheli la kuchemsha hatahitaji kufundishwa kulipenda.

Nyama hii ya umri huu pia hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa kwenye mafuta ya nazi hadi ikauke na kuvunjika, kama krispi za muhogo. Kaanga kidogo kidogo, nyunyiza maji ya chumvi na manjano mafuta yakiwa bado yanatokota (simama mbali), epua sauti ya kuchemka ikitulia. Kwa kuhifadhi, ichemshe dakika chache, ichuje, ianike kwenye ungo au jamvi safi mpaka iwe kavu kabisa, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa; ukitaka kuipika, iloweke.

Hatua ya 7: Fenesi bivu

Kutoka ua hadi kuiva ni miezi 4 hadi 6, hata zaidi. Dalili ya uhakika ni harufu, lakini ukingoja inukie mtini kunguru watakuwa wametangulia. Likate likishatoa mlio mzito na jani la karibu na kikonyo likiwa njano. Litaiva ndani kwa siku chache. Fenesi kubwa linaweza kupita kilo 30, na likianguka hupasuka na linaweza kumuumiza mtu aliye chini. Lifunge gunia na kamba iliyopitishwa juu ya tawi, mwingine ashike kamba, ndipo ukate kikonyo, mlishushe polepole.

Kupasua ni kule kule: mafuta, magazeti, karatasi za kufutia. Ukishaligawa robo nne, ondoa moyo kwa mkato mmoja mrefu, kisha ikunje ile robo kinyumenyume, ngozi ikiingia ndani. Vinofu vitatokeza vyenyewe na utavichomoa kimoja kimoja. Zile nyuzi pembeni mwake zipewe mbuzi au ng'ombe.

Fenesi bivu halikai, siku 3 hadi 5 limekwisha, na hakuna familia inayolimaliza peke yake. Kerala hulipika chakka varatti. Pondaponda nyama, hasa ya lile aina laini, ipitishe kwenye chekeche, iweke kwenye sufuria nzito pamoja na sukari guru, karibu nusu ya uzito wa fenesi, na anza kusonga. Songa. Ikianza kushika chini, ongeza kijiko cha samli, songa tena, na uendelee hivyo kijiko kwa kijiko mpaka rangi ibadilike kutoka njano kuwa kahawia iliyokolea na donge liachane na sufuria. Malizia na hiliki iliyotwangwa. Kwenye chupa kavu hukaa miezi. Ipake mkate, ichanganye kwenye tui upate kitindamlo, au uijaze kwenye sambusa tamu.

Pwani ya Konkan, magharibi mwa India, wao huutandaza huo ujiuji kwenye sinia lililopakwa samli, huuanika juani, siku inayofuata huongeza tabaka jingine, mpaka upatikane ukanda mkavu unaokunjika. Jua letu la kaskazi linaweza kazi hiyo. Funika kwa chandarua kuzuia nzi.

Hatua ya 8: Mbegu, usizitupe tena

Fenesi moja linaweza kutoa mbegu mia na zaidi. Kila moja ina ngozi ya utelezi, halafu ganda jeupe kama karatasi ngumu, halafu ngozi nyembamba ya kahawia ambayo haina haja ya kuondolewa. Zioshe, zianike nusu siku kivulini mpaka ganda jeupe lipasuke kwa kubanwa na vidole, limenye.

Usizile mbichi. Zina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, na moto ndio unaoviharibu. Chemsha kwa maji ya chumvi dakika 25 hadi 30, hadi ziwe na ungaunga ndani, au zichome kwenye majivu ya moto baada ya kuzitoboa kidogo zisiruke. Zinajaza gesi kwa anayekula nyingi, anza na chache. Zilizochemshwa zinaingia kwenye mchuzi wa nazi, kwenye maharage, kwenye mchicha wa nazi. Zilizokaushwa na kusagwa hutoa unga wa kuchanganya na ngano, robo kwa robo tatu, kwa chapati au maandazi.

Ukiwa nazo nyingi, fuata wazee wa Kerala na Sri Lanka: zifukie kwenye mchanga ndani ya ndoo au mtungi, bila kuziosha kwa maji mengi, mahali pa baridi na kivuli. Zitakaa wiki nyingi hata baada ya msimu kwisha.

Hatua ya 9: Majani na utomvu

Mbuzi hupenda majani ya mfenesi na huyala yakiwa mabichi. Unapopogolea, usichome matawi, wapelekee. Lakini jani pia ni chombo cha kupikia. Karibu na Mangalore, jimbo la Karnataka, majani manne huunganishwa msalaba kwa vijiti vya ukuti, yanakunjwa juu yakawa kikombe, na unga wa mchele na choroko nyeusi uliochachuka unamiminwa ndani na kupikwa kwa mvuke. Jaribu na unga wa mkate wa kumimina: uache uumuke, jaza nusu ya kikombe, weka kwenye mvuke dakika 20 hadi 25. Jani linatoa harufu yake, na sahani ya kuosha imepungua.

Utomvu, kwa upande wake, watu wa Asia wameupasha moto na kuutumia kugundishia vyungu na sahani zilizovunjika na kuzibia ndoo. Chombo ulichogundisha hivyo kitumie kwa nafaka kavu, siyo kwa kupikia.

Majani yake yaliyochemshwa hutumika katika tiba za asili za India kwa kisukari. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiyafanye mbadala wa dawa zake, na akumbuke kuwa fenesi bivu lina sukari nyingi. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa potasiamu aulize daktari kabla ya kula fenesi kwa wingi, kwani gramu 100 zina karibu miligramu 450. Na anayewashwa na mpira wa glavu ajihadhari na utomvu.

Hatua ya 10: Mti ukizeeka

Mfenesi unaozaa usikatwe kwa ajili ya mbao. Otesha kwanza mwingine. Ukianguka wenyewe au ukikauka, usiufanye kuni. Mbao yake ni ya njano inayogeuka kahawia nyekundu kadiri miaka inavyopita, na mchwa hawaipendi. Kusini mwa India ndiyo mbao ya kuchongea pipa la ngoma ya mridangam, na vinanda vya veena vya Thanjavur huchongwa kwenye mfenesi. Vietnam huchonga sanamu za Buddha na altare za nyumbani. Pasua magogo yakiwa mabichi, panga mbao kivulini kwa vijiti katikati zipate hewa, na uzipe angalau miezi 6 kabla ya kuzipeleka kwa seremala.

Maranda na vipande vya moyo wa mti vina kazi ya mwisho. Watawa wa Kibuddha wa misitu ya Thailand huvichemsha kupata rangi ya majoho yao, ile njano inayoelekea udongo. Chukua kilo 1 ya maranda ya moyo wa mti, si ya ganda jeupe la nje, kwa lita 10 za maji. Chemsha saa 2 au 3, acha usiku mmoja, chuja. Loweka nguo ya pamba au hariri kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye shabu, vijiko 2 vya chakula kwa kila nusu kilo ya nguo, kwa saa moja. Shabu ndiyo inayoishikiza rangi. Kisha itumbukize kwenye maji ya rangi yaliyo moto, igeuze isitoke mabakamabaka, na uiache humo saa moja zaidi. Ukitaka ikolee, ianike kivulini ikauke kabisa na uirudishe. Fua peke yake kwa maji baridi mara mbili za kwanza, kwani rangi itachuja kidogo kabla ya kutulia.